Mama anapaki unga na blanketi kwenda Zanzibar, nifanye nini?

Habari yako mama mshauri, natumai uko salama. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Kisumu upande wa Mamboleo, na hii barua nimekuwa nikiianza naiacha njiani juu najua watu watasema hii nayo ni shida gani, wengine hawana karo ya watoto na huyu analilia begi. Lakini imefika mahali naumia roho na nyumbani hatuongei vizuri.

Mama yangu ako na miaka 67, anaishi kwetu Vihiga. Tangu tumzike baba sijawahi kumuona akipumzika, kwake ni shamba, ng'ombe, kanisa, matanga ya watu, kliniki, basi. Ako na presha na sukari, asubuhi anameza vidonge na jioni anajidunga sindano mwenyewe. Miguu nayo imeanza kumsumbua, saa zingine anasema ni kama amekanyaga pamba. Sasa mimi nikakaa nikawaza, huyu mama ametulea watano kwa kuuza mboga Mbale na maziwa, hajawahi kuona bahari hata siku moja, akishindwa kutembea nitamuonyesha na nini, TV? Nikaanza kuweka pesa kwa sacco, nikanyima hata watoto vitu vingine, mpaka nikapata ya kutosha kumpeleka Zanzibar mwezi wa nane shule zikifungwa, mimi na yeye na msichana wangu mkubwa. Hoteli iko Jambiani, karibu kabisa na maji, nimeshalipa nusu. Pasipoti tulimfuatilia hapa hapa Kisumu, akapanga laini, akapigwa picha, akawekwa alama za vidole, hiyo siku alikuwa sawa kabisa.

Shida ilianza na nguo. Nilimnunulia madera matatu mazuri, kofia kubwa ya jua, sandali, miwani, na kostyumu ya kuogelea ile ya heshima yenye mikono mirefu na miguu mirefu, yaani hata pasta hawezi kusema kitu. Akaangalia, akakunja moja moja pole pole, akaweka kwa kabati akasema hizi nitavalia Krismasi, mimi sio mtalii.

Halafu akaanza kupaki zake. Mama mshauri, wacha nikuambie chenye kiko kwa hiyo sutikesi. Blanketi, ile nzito. Sweta mbili. Unga ya wimbi na mtama gorogoro mzima. Mrenda iliyokaushwa, kunde iliyokaushwa, omena kwa gazeti. Thamosi. Sufuria ndogo na mwiko. Sare yake ya akina mama wa kanisa imepigwa pasi, na Biblia na kitabu cha nyimbo. Zile sandak zake za plastiki za kwenda kukamua ng'ombe, ndio hizo anataka kuvaa kwa hoteli! Na chini kabisa, kwa bahasha, kitambulisho cha baba, kadi yake ya kliniki, na kadi ya chama chao cha kufa na kuzikana. Nilipoona hiyo kadi nilikasirika sana, nikaona kwani huyu mama anafikiria namlipia pesa yote hii aende kufa?

Nilibeba hiyo sutikesi mpaka kwa poshomili ya jirani tukaipima, ikagonga kilo 31, na tiketi yetu ni kilo 23 kila mtu. Nikarudi nikatoa unga, blanketi na sufuria mbele yake nikamweleza ni uzito. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata nikienda kumuona nikapata amerudisha vyote na ameongeza chumvi. Nikamuuliza mama kwani hutaki kwenda? Akaniambia, "Wewe unanipeleka mahali sijui, wacha niende na vitu najua." Nikatoka nje nikalia.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa amesema tangu mwanzo hii ni kiburi ya pesa, ati nimpeleke tu Dunga akule samaki ya ziwa jioni arudi kwake, hiyo pesa tutengeneze paa ya nyumba yake. Mke wake naye anasema nataka kugeuza mama mzungu. Na nikisema ukweli wote, nikifikiria tuko kwa meza ya hoteli halafu mama atoe mrenda kwa mkoba aombe wapishi wamchemshie na wageni wa nje wanaangalia, nasikia joto kwa uso. Simchukii mama yangu, nampenda sana, ndio maana naandika.

Mimi mwenyewe nimepanga kila kitu, mpaka losheni ya jua nimenunua, mpaka adapta ya soketi. Nimwache tu abebe mzigo wake nilipe kilo za juu? Nimpakie mimi kwa nguvu? Ama nikubali ndugu yangu alikuwa sahihi nikansel?

Msichana wa Vihiga, Kisumu

JIBU

Mwanangu, hiyo barua ungeendelea kuiacha njiani ningesikitika, kwa sababu hakuna kitu kidogo hapo. Umejinyima, umeweka pesa, umempangia mama yako furaha moja kubwa kabla miguu haijamkatalia, na unachoona kila ukienda Vihiga ni sutikesi inayokuambia hapana. Ndio umelia. Mtu akikataa zawadi yako ya shilingi mia unasahau, lakini akikataa ile umeiwaza mwaka mzima inauma mpaka kwa mfupa.

Ila nimesoma barua yako nikarudia, na swali langu la kwanza ni hili. Ni nani alikuambia hiyo sutikesi inasema hapana? Mama ambaye hataki kwenda hapangi laini ya pasipoti. Anaanza kuugua siku hiyo, ama ng'ombe inakuwa karibu kuzaa, ama kuna matanga, unajua vile wazazi wetu wanakataaga bila kukataa. Yeye alienda akapigwa picha. Na mtu asiyetaka kwenda hapaki, tena hapigi sare pasi akaikunja. Mimi naona mama anayejitayarisha sana kuliko vile wewe unajua. Alikujibu kwa maneno kumi hivi na yote yamenyooka, kwamba unampeleka mahali hajui na anataka aende na vitu anajua. Wewe ulisikia hapo kukataliwa. Mimi nasikia mtu anakuomba ruhusa ya kuogopa kidogo.

Sasa tuchukue vitu vyenyewe, kwa sababu ukiviangalia kimoja kimoja sio vyote viko sawa.

Unga na mrenda. Wewe unaviona ni ushamba mbele ya wageni, lakini huyu ni mgonjwa wa sukari ambaye pengine kliniki imemwambia miaka na miaka apunguze wali, chapati na vitu vitamu, na ameshajua kwa mwili wake kwamba akila ugali wa wimbi kidogo na mboga nyingi sukari inatulia. Halafu unampeleka pwani, nchi ya wali wa nazi, mkate wa kumimina, mahamri, chai ya sukari. Yeye hajui atakula nini na hakuna mtu amemwambia. Je, umewahi kupigia hiyo hoteli simu ukauliza wanapika nini jioni, kama wanaweza kumtolea samaki wa kuchoma na mchicha bila nazi, na kama wana friji ya kuweka dawa? Ukipata hayo majibu umpelekee kwa mdomo wako, pengine gorogoro itapungua yenyewe. Na ujue pia hapa kuna mpaka wa nchi. Mboga, mbegu, nafaka na vitu vya mifugo huweza kukaguliwa na kuzuiliwa ukiingia nchi nyingine bila karatasi zake, kwa hivyo hata ukilipia kilo zote za ziada, mama anaweza kunyang'anywa omena yake uwanja wa ndege mbele ya macho yake, na hiyo aibu itakuwa kubwa kuliko ile unaogopa ya meza ya hoteli. Mweleze hiyo mapema, vile ilivyo, ni mtu mzima ataelewa sheria. Ugali Zanzibar uko, dagaa wako, mchicha na kisamvu viko, sokoni Darajani atapata mboga za kumtosha mpaka aanze kuuliza bei kama yuko Mbale.

Blanketi. Mwezi wa nane huko kwenu Vihiga kuna mvua na baridi ya asubuhi, na kwa akili yake kila mahali ni hivyo. Zanzibar wakati huo ni kipindi cha kusi, ule upepo wa kutoka kusini, mvua ni chache, mchana kuna joto la kawaida sio lile la mwezi wa pili linalochoma, na upande wa Jambiani upepo unakupiga usoni moja kwa moja kutoka baharini. Sasa mtu wa umri wake mwenye presha, akikaa nje jioni, atasikia baridi kidogo. Kwa hivyo sweta moja sio ujinga, iacheni. Blanketi nzito ndiyo hamtaihitaji, leso mbili na shuka moja jepesi la Kimasai vinatosha, vinamfunika kwa ndege, vinatandikwa mchangani, vinafungwa kiunoni, vinakauka haraka. Lakini wewe msikilize yeye kwanza kabla ya kumwambia toa. Kama ni lile blanketi alilokuwa akilalia na baba yako, mazungumzo ni mengine kabisa na mizani ya poshomili haihusiki.

Zile sandak umezicheka kwa barua yako, na mimi nakuomba hizo zisiachwe nyumbani hata kama kila kitu kingine kitaachwa. Jambiani maji yakipwa yanaenda mbali sana, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya ama mpevu, unabaki unaangalia kilomita ya mchanga, mawe ya matumbawe na majani, na hapo katikati kuna wale wadudu wa bahari wenye miiba mirefu myeusi kama sindano, ukimkanyaga mmoja likizo imeisha. Mama yako anakuambia anahisi kama amekanyaga pamba. Mwanangu, hiyo pamba inaweza kuwa ni neva za miguu, kwa mtu wa sukari hiyo ni ishara ya kupelekwa kliniki kabla ya safari, na ni sababu ya kutotembea peku hata hatua moja, si kwa mchanga wa saa saba unaochoma bila yeye kujua, si ndani ya maji. Sandali nzuri ulizomnunulia ziko wazi, jiwe linaingia. Kiatu cha plastiki kilichofunika vidole, kinachoingia maji kinatoka, ndicho kinachotakikana hapo, mradi kisimbane, na kila jioni umsaidie kuangalia nyayo kama kuna kidonda. Hapo mama alipaki vizuri kuliko sisi wote.

Na hii ya mimi sio mtalii. Unajua Zanzibar watu wengi sana ni Waislamu, ukitoka hotelini ukaingia kijijini ama Mji Mkongwe unatakiwa ufunike mabega na magoti, na wenyeji wanawake wanaingia baharini na nguo zao. Jambiani na Paje kuna akina mama wanaolima mwani ndani ya bahari, kilimo kabisa, wanafunga mbegu kwa kamba, maji yakipwa wanaenda kupalilia na kuvuna, na kazi hiyo imekuweko tangu mwisho wa miaka ya 1980. Wanaifanya wakiwa wamevaa kanga na nguo zao za kazi. Mama yako mkulima, akiwa na leso yake na sandak zake, atafanana na wao kuliko vile wewe utafanana na mtu yeyote hapo. Hebu mwambie hiyo habari, kwamba huko kuna wanawake wa rika lake wenye shamba ndani ya maji. Sijui atasemaje, lakini nadhani hiyo habari itamkaa kwa akili kuliko kofia kubwa. Kuna mashamba ya viungo pia, karafuu, mdalasini, pilipili manga, vanila, unatembezwa na mwenye kujua, hiyo ni safari ya mkulima. Kostyumu unaweza kuibeba kwa begi lako bila kusema chochote, ikihitajika iko, isipohitajika haijala kitu.

Sasa nifike kwa bahasha.

Najua ile kadi ya kufa na kuzikana ilikukasirisha, lakini kaa nayo kidogo. Wazee wetu upande huu hawaogopi kufa kama wanavyoogopa kufa mbali. Nani atanibeba, nitavalishwa nini, chama kitajulishwa na nani, nitalala wapi, pembeni ya mzee ama wapi. Sare ya kanisa iliyopigwa pasi, kitambulisho cha baba yako na kadi ya chama, hivyo vitatu vikiwa pamoja, mimi sioni mama anayekulaani. Naona mama aliyepanga mambo ili wewe usihangaike peke yako nchi ya watu ikitokea lolote. Ninaweza kuwa nimekosea, pengine sare ni ya Jumapili tu, na hata hiyo ina mahali pake, hapo Mkunazini kuna kanisa kubwa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, akitaka kusali ataenda. Lakini mtu wa kujua ni yeye. Je, umewahi kumuuliza, bila hasira, mama hii kadi ni ya nini? Tena umuulize mkiwa wawili, msichana wako asiweko, mkiwa mnachambua mboga ama mnakamua, mikono ikiwa na kazi maneno yanatoka rahisi.

Akikuambia ni kifo anawaza, usimnyamazishe na usimwambie ashindwe. Mpe majibu. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inataka wageni wanaotoka nje ya Tanzania wakate bima ya safari ya shirika la bima la huko kabla ya kuingia, uliza bei ya sisi wa Afrika Mashariki na uulize inalipia nini mtu akiugua ama ikitokea mabaya zaidi, halafu usome pia kama magonjwa aliyokuwa nayo tayari yamo ama hayamo, kwa sababu hapo ndipo bima nyingi huponyokea. Uandike namba ya mwenyekiti wa chama chao kwa simu yako mbele yake. Pengine akiona wewe unajua la kufanya, kadi inaweza kubaki kabatini. Pengine bado ataibeba. Karatasi moja haina kilo.

Kwa zile njia tatu ulizoandika, kila moja ina bei yake. Ukilipa kilo za ziada na kumwacha abebe vyote mtasafiri kwa amani, lakini vya mpakani vinaweza kuzuiliwa, na hofu yake itakuwa imesafiri pamoja na sufuria bila mtu kuiuliza jina. Ukimpakia kwa nguvu begi litakuwa zuri sana, na atakufuata kama mtoto, na mwanamke aliyelea watano kwa mboga hajazoea kuchaguliwa nguo. Ukikansel, nusu ya pesa ya hoteli inaweza kupotea, na mama anaweza kubaki akijua kwamba aliharibu jambo lako, hata kama hutasema.

Kuna nyingine hujaziandika. Unaweza kuuliza kama hoteli itakubali kubadilisha mkae kwa nyumba ndogo yenye jiko, huko pwani ziko, msichana wako ajifunze kupika samaki na nyanya yake, hapo hata mwiko unapata kazi. Ubaya wake ni kwamba mama anaweza kugeuka mpishi wenu likizo nzima, na ulitaka apumzike, lazima mkubaliane mapema. Unaweza pia kubaki nchini. Lamu ni kisiwa, ni bahari ile ile, hakuna pasipoti wala ukaguzi wa mpaka, unga unafika. Ila ndege ndogo za kwenda huko nyingi zinaruhusu kilo 15 tu, zinatua Manda kisha mnavuka kwa boti, na mjini ni kutembea kwa miguu kwenye vichochoro na punda, sijui magoti na nyayo zake zitasemaje. Ama unaweza kugawa mzigo: yeye apewe begi moja dogo ambalo hakuna mtu ataligusa wala kulipima macho, humo aweke chochote kinachoruhusiwa, na la nguo mpaki pamoja. Mimi hii ya mwisho inanivutia, nakiri, lakini mimi simjui mama yako, wewe unamjua.

Ile aibu ya meza, nashukuru uliisema. Hujakosa heshima kuihisi. Jiulize tu polepole hao wageni ambao unawaogopa macho yao ni akina nani kwako, na mama akiangalia uso wako siku hiyo atasoma nini. Wazazi wanasoma nyuso zetu haraka sana, na pengine ameshaisoma siku ile ya madera.

Ndugu yako naye usimtupe. Kuhusu kiburi amekuumiza bure, lakini kuhusu paa anaongea jambo la kweli ama sivyo? Kama nyumba inavuja, mama anaweza kuwa anawaza hiyo pia, anaona aibu kula samaki hotelini na huku ndoo iko kitandani. Muulize mama, sio ndugu. Na Dunga ni pazuri, mpelekeni hata Jumamosi hii, muone vile anatembea muda mrefu, vile miguu inavimba ama haivimbi, vile anakula nje ya nyumbani. Itakufundisha mengi kuhusu safari kubwa.

Mambo ya haraka kabla sijasahau. Dawa zake zote, sindano na mashine ya kupima sukari zikae kwa mkoba wa mkononi, zisiingie kwa sutikesi ya chini ya ndege, huko insulini inaweza kuganda na sutikesi inaweza kupotea. Zibaki kwa pakiti zake zenye jina, mbebe za siku kadhaa zaidi ya safari, na barua ya daktari wa kliniki. Insulini isipigwe na jua, na vile vibanzi vya kupimia havipendi joto wala unyevu. Kitu kizuri ni kwamba saa ya Zanzibar ni hii hii yetu, hatabadilisha muda wa sindano, na soketi ni za miguu mitatu kama za Kenya kwa hivyo hiyo adapta irudishe dukani kama bado una risiti. Pawabenki mkononi pia. Mifuko ya plastiki acheni, Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 2019, funga vitu kwa nguo. Losheni ya jua umefanya vizuri, ngozi yetu nayo inaungua.

Na kuna kitu sikukiona popote kwa barua yako. Tanzania inadai kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, kwa mtu anayetoka Kenya. Kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa na ukishaipata ni ya maisha. Wewe na msichana wako ni rahisi, lakini kwa mtu aliyepita miaka 60 hiyo chanjo inataka daktari aangalie kwanza, kwa sababu madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi wenye umri huo, na yeye ana sukari na presha juu yake. Daktari akisema asichanjwe anaweza kumwandikia barua ya kusamehewa, na uulize mapema kama itakubalika mpakani. Kwa hivyo peleka mama kliniki wiki hii au ijayo, miguu na chanjo kwa safari moja, na mkiwa kwa matatu mkirudi nyumbani ndio wakati mzuri wa kumuuliza ile ya bahasha. Ukipata jibu lake niandikie tena, nitakuwa nangoja.